Majlisi Mbili na Goti Moja

Nyumba yetu ya Al Khuwair, Muscat, ina majlisi mbili, vyumba vya kupokelea wageni, na wageni hakuna. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akadhani sisi ni watu wa kupokea mabalozi. Majlisi ya wanaume iko mbele, karibu na geti, ina mlango wake wa nje na choo chake. Majlisi ya wanawake iko upande wa ndani, inapakana na ile ya wanaume kwa ukuta mmoja, nayo ina choo chake na njia ya kwendea jikoni. Vyumba vya kulala vyote viko juu. Ndivyo marehemu baba alivyoijenga, kwa sababu jirani alijenga hivyo, na jirani naye alikuwa na jirani.

Baba alipofariki nyumba ikawa yetu sote: kaka zangu wawili, dada yangu, mimi, na mama mwenye thumni yake. Mama ana fungu moja katika manane, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha fungu hilo liko wapi, kama ni dari au ni ngazi. Kaka wana mafungu makubwa kuliko yetu, hilo linajulikana. Lakini jiko lote ni letu, na sijapata kuona mwanamume aliyeshinda hoja na tumbo lake likiwa tupu.

Kila Ijumaa baada ya sala, kaka, dada, wake, waume na wajukuu wote huja kwa mama kula. Wakishanawa mikono, wanaume huingia majlisi yao na wanawake majlisi yetu, maana mke wa kaka hawezi kukaa akinyoosha miguu mbele ya mume wa dada. Hapo ndipo mambo ya nyumba huamuliwa. Nchi ina mabaraza yake mawili, na sisi tuna yetu mawili, ila ya nchi yana kanuni zilizoandikwa. Kwetu kanuni ni moja tu, aliyotuachia baba: jambo halipiti mpaka lipite pande mbili. Aliitunga kwa uchovu. Alikuwa akiamua neno kule mbele na wanaume wenzake, wakamwitikia naam naam, kisha akija ndani kulala anakuta limeshageuzwa.

Mimi ndiye mtoto wa mwisho. Nilisomesha jiografia mpaka nikastaafu, niliolewa nikaachika, na ndimi ninayeishi na mama. Kwa hiyo siku ya Ijumaa kazi ya kupeleka kahawa ni yangu, na pamoja na kahawa hupeleka maneno. Dele la kahawa mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia, nazunguka majlisi hii, kisha ile. Mgeni akitosheka huitikisa finjani kidogo, nawe unajua usimtilie tena. Mwenye nyumba hatikisi. Mama, kwa mfano, akitosheka hunishikiza finjani na kuniambia, "Peleka huko."

Basi goti la mama likaharibika. Daktari akasema ngazi asipande tena wala asishuke, labda kwa dharura. Siku hiyo ya hospitali wajukuu wawili wenye nguvu walimkalisha kwenye kiti wakampandisha juu, mmoja mbele mmoja nyuma, wakielekezana kwa sauti, "Geuza, geuza, angalia ukuta." Mama alinyamaza mpaka alipofikishwa chumbani. Kisha akasema, "Wamenipandisha kama kabati. Sibebwi tena na mtu mpaka siku ya jeneza." Na mama akishasema, amesema.

Akabaki juu. Alikuwa na kitanda chake, samadari ya Unguja iliyoteremshwa bandarini Mutrah vipande vipande, na dirisha linalotazama matangi ya maji ya jirani. Mwanamke aliyeiendesha nyumba hii kutoka kiti cha jikoni sasa anaisikia kwa mbali kama redio. "Geti limelia, nani huyo?" hupiga kelele kutoka juu. Kabla sijamjibu anauliza jengine. Siku moja nilimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, macho yamemjaa machozi ya hasira. "Nnanusa vitunguu vinaungua," aliniambia, "na hakuna wa kumgombeza." Nilicheka, kisha nikaenda jikoni nikalia.

Alichotaka kilikuwa kidogo. Alitaka chumba chini. Kimoja chochote kati ya vile viwili, aweke samadari yake, asikie geti, afike jikoni kwa mkongojo wake. Nilimwambia tusimsubiri mtu, Jumapili hapa ni siku ya kazi, kila mtu yuko kazini au kwake, niite mafundi waihamishe samadari, Ijumaa wakija wakute imeshakuwa. Akanitazama kama nimemwambia tukaibe. "Nihamie kwa wizi kwenye nyumba yangu?" alisema. "Hapana, mwanangu. Nnataka waniambie wao: mama, shuka. Hilo tu."

Ijumaa iliyofuata nililipeleka mbele.

Kaka yangu mkubwa alistaafu kazi ya serikali, ila kazi ya serikali haijastaafu kwake. Hasemi "ndiyo," husema "hakuna kipingamizi." Nilipomaliza kueleza, nimesimama na dele langu, aliinua mkono wanaume wakanyamaza. "Mama kwanza," akasema. "Hili halina mjadala. Mama ashuke. Na chumba kinachomfaa ni majlisi ya wanawake: kubwa, iko karibu na jiko, na ina sitara." Kaka mdogo akaitikia. Mume wa dada, ambaye kwetu huwa hapingi kitu kwa kuwa wali ni wetu, naye akaitikia. Finjani zilikuwa hazijazunguka mara ya pili, jambo limepita.

Nikaenda upande wa pili. Dada yangu mkubwa, ambaye machozi yake yako karibu lakini hayajawahi kumchelewesha, alijifuta kwa ncha ya shela. "Ashuke leo leo, mamaangu maskini! Mwekeni majlisi ya wanaume. Ina mlango wa nje, gari la wagonjwa linafika mpaka kizingitini, Mungu apishie mbali." Mawifi wakasema amin. Jambo likapita kwa kauli moja.

Nikatoka nikasimama kwenye ukumbi, mlango mmoja kulia kwangu na mmoja kushoto, kahawa inapoa. Mabaraza yote mawili yamekubali, hakuna hata mmoja aliyepinga, na mama yuko juu palepale.

"Wamesemaje?" akaita.

"Wamekubali, mama. Wote."

"Alhamdulillahi. Nnashuka lini?"

"Hapo ndipo wanapozungumza," nikamwambia.

Walizungumza mpaka Ramadhani ikaingia. Wanaume walikuwa na hoja moja, nayo ilikuwa ni mgeni. "Akija mgeni tumweke wapi?" aliuliza kaka mkubwa. Nilimuuliza mgeni gani. "Mgeni yeyote. Mgeni hapigi simu." Ni kweli hapigi, kwa sababu haji. Mtu wa mwisho kuingia majlisi ile siku isiyokuwa Ijumaa alikuwa fundi wa kiyoyozi, naye alikaa chini kwenye marumaru asije akaichafua mito. Lakini huwezi kumwambia Muomani kuwa hana mgeni. Ni kama kumwambia hana kabila.

Wanawake nao walikuwa na makochi. Makochi ya mahameli yaliyonunuliwa Dubai, ambayo dada mkubwa alikataza yavuliwe nailoni yake, tukikaa tunalia kwaru kwaru kila mtu akijigeuza. "Wakija watu na posa," alisema, "tuwapokee jikoni?" Nilimkumbusha kwamba mjukuu mkubwa wa kike ndio kwanza anasoma darasa la tatu. Akanijibu kuwa watoto wanakua haraka, nisione hivyo.

Likaundwa kundi la kupima. Kaka mdogo aliingia na futi yake kuipima majlisi ya wanawake, akaiona kubwa mno. Wifi yangu akaingia kuipima majlisi ya wanaume, akaiona kubwa mno zaidi. Yakaja masharti. Wanawake wakasema watatoa yao, ila siku za sikukuu mama apandishwe juu. Wanaume wakasema watatoa yao, ila wakipata msiba samadari iondolewe siku tatu, na mama pamoja nayo. Kila sharti nililipeleka mimi, na kila likifika upande wa pili lilipata sharti la kulijibu. Nilikuwa nikirudi mikono inanuka hiliki na kichwa kinauma.

Ramadhani hazifanywi kazi hizo, watu wana saumu. Sikukuu hazifanywi kazi hizo, watu wana sikukuu. Halafu likaja joto, na kwenye joto la Muscat hakuna aliyewahi kuhamisha hata mto. Kaka mkubwa akaniambia nimwambie mama kuwa haraka haraka haina baraka. Nikapanda juu nikamwambia. "Na wewe mwambie ngoja ngoja huumiza matumbo," akasema. Nikashuka nikamwambia. Kaka alitabasamu, akasema mama ana busara sana, tutalizingatia.

Nitasema kweli, nilikuwa nawachukia. Si kwa sababu ni watu wabaya. Kaka mkubwa humletea mama dawa kila mwezi, hakosi. Dada humpikia boko boko, ngano iliyopondwa na nyama, na kumletea mwenyewe kwa gari kutoka kwake Al Hail. Wangekuwa wabaya ningejua la kuwafanya. Walikuwa watu wema waliokaa vyumba viwili tofauti, na kila chumba kilikuwa na hakika kwamba kinachomzuia mama ni chumba kile kingine.

Joto lilipopungua, kaka mkubwa akaitisha kikao cha pamoja. Tuliweka viti ukumbini, chini ya ngazi, wanaume upande wa mlango, wanawake upande wa jiko, na baina yetu meza yenye halua ambayo hakuna aliyetaka kuwa wa mwanzo kuigusa. Kaka alifungua kwa dua. Akasifu umoja wa familia. Akasema penye wengi hapaharibiki neno. Kisha tukaanza kuliharibu.

Dada akasema wanaume hawana huruma, hawana wanachopoteza ila sehemu ya kulalia mchana. Kaka mdogo akasema wanawake wanayapenda makochi kuliko mzazi. Mume wa dada akasema, kwa upole, labda tuseme inshallah. Mawifi wakaanza kusema wote pamoja. Ghafla sauti ikatoka juu ya ngazi. Mama alikuwa amejikokota mpaka kwenye kishikio, tukaona ncha ya mkongojo wake tu.

"Hebu niulize," akasema. "Hao wageni wenu wanaoziba mlango, majina yao nani?"

Kaka mkubwa akakohoa, akainua uso kuelekea juu. "Mama, si suala la majina. Ni suala la utaratibu."

"Ahaa," mama akasema. Tukausikia mkongojo ukirudi chumbani, tok, tok, polepole.

Nadhani aibu ndiyo iliyowafanya wapatane siku ile. Kabla ya alasiri walikuwa na suluhu, na walipeana mikono kama watu waliomaliza vita. Kwa kuwa majlisi zile zinapakana, ukuta wa katikati ubomolewe. Wanaume watoe kipande upande wao, wanawake watoe kipande upande wao, zijengwe kuta mbili za bodi za jasi, na katikati kipatikane chumba cha mama chenye mlango wa ukumbini. Hakuna majlisi itakayokufa. Kila upande umetoa, kila upande umebaki. Kaka mkubwa alisema hayo ndiyo maridhiano, na kwa mara ya kwanza dada alimwitikia bila kulia.

Fundi akaja na bodi zake kutoka Ghala, mtaa wa viwanda. Lakini maridhiano yana tabia ya kuendelea yakishapatikana. Wanaume wakagundua kipande walichotoa kinawaondolea nafasi ya kabati la vitabu, wakakipunguza. Wanawake wakaona wamepunguza wale, kwa nini wao wasipunguze. Madirisha yalikuwa kwenye kuta za nje, kwa hiyo yakabaki na majlisi. Vyoo vilikuwa pembeni, kwa hiyo vikabaki na majlisi. Mama, walikubaliana, akitaka choo atapita kwa wanawake, ila wanawake wakiwa na wageni atapita kwa wanaume, na wanaume nao wakiwa na wageni atasubiri. Samadari ilipopimwa ikaonekana haitaingia, na dada akasema kitanda kidogo cha kisasa kitakuwa bora kwa mgongo.

Nilikipiga picha chumba hicho kwa simu nikampelekea mama juu. Akavaa miwani, akaitazama sana, akaikuza kwa vidole viwili kama alivyofundishwa na wajukuu.

"Stoo nzuri," akasema. "Sanduku zangu zitakaa vizuri. Na mimi je?"

Akanirudishia simu. "Waambie ahsanteni. Wamejitahidi." Nikashuka na ujumbe huo, na kule chini walifurahi, wakasema mnaona, mama amekubali.

Jumapili yake asubuhi nilimkuta amevaa buibui, mkoba uko mapajani. Alikuwa ameshampigia simu mdogo wake, mama yetu mdogo anayekaa Qurayyat, mjane kama yeye, kwenye nyumba ya chini isiyo na ghorofa. Mwanawe alikuwa njiani na pikapu.

"Unakwenda kukaa siku ngapi?" nikamuuliza.

"Siku za kukaa," akasema.

Nilimwambia basi niwaite wajukuu wambebe. Alikwenda mpaka kwenye ngazi, akakaa juu ya kidato cha kwanza, akajikunjia buibui lake vizuri, akaanza kuteremka kwa makalio, kidato baada ya kidato, ule mguu mbovu ameunyoosha mbele yake. Nikamkimbilia.

"Usinishike," akasema. "Wewe tangulia mbele, nikianguka nikuangukie."

Nikatangulia, nikiteremka kinyumenyume na mkoba wake begani. Alikuwa anahema. Kila kidato alikisomea bismillahi. Katikati ya ngazi akapumzika, akaegemea ukuta, akatazama ukumbi chini.

"Kumbe mmepaka rangi," akasema.

Rangi ile ilipakwa kabla ya Ramadhani. Nilikaa kidato cha chini yake nikamshika wayo wa mguu, kwa kuwa hilo halikuwa kumshika. Alipofika ukumbini alisimama mwenyewe kwa mkongojo. Milango ya majlisi zote mbili ilikuwa imefungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke. Akapita baina yake, akatoka nje kwenye pikapu iliyokuwa ikimngoja. Mwana wa mama mdogo alirudi alasiri na vijana wawili wakaifungua samadari vipande vipande, kama ilivyokuja.

Nilimfuata Qurayyat mwisho wa wiki ileile. Mama mdogo hana majlisi. Ana chumba cha mbele, chenye mlango unaofunguka barazani na baraza inayofunguka njiani, na samadari imejaa humo mpaka imebaki nafasi ya mkeka mmoja. Juu ya mkeka ule niliwakuta mwalimu wa Kurani, jirani mwanamke na watoto wake, na mzee mmoja aliyeleta tende za shamba lake, wote wamekaa wanazungumza na mama ambaye ameketi kitandani kama kadhi. Muuza samaki alisimamisha gari nje, mama akamwita dirishani akamwambia samaki wake wamelala jana, aende akamwuzie mtu asiyekuwa na pua. Sauti ilikuwa imerudi. Jikoni kitu kiliungua kidogo, na mama akamgombeza mdogo wake mpaka akatosheka.

Muscat kulikuwa na kikao cha dharura. Kwanza walilaumiana, hilo lilichukua Ijumaa mbili. Kisha likatokea jambo ambalo mpaka leo sijui nilicheke au nililie. Wanaume walipitisha, kwa kauli moja, kwamba mama apewe majlisi yao yote, nzima, choo na mlango wa nje. Nikakimbia nalo upande wa pili karibu kumwaga kahawa. Wanawake wakakasirika. Wanaume ndio wapate thawabu ya mama peke yao? Haiwezekani! Nao wakapitisha kwamba mama apewe majlisi yao, na makochi yauzwe. Wanaume wakakataa. Wanawake wakakataa kukataliwa. Hapo kabla hakuna aliyetaka kutoa, sasa hakuna aliyetaka kuachiwa chumba chake. Nilisimama ukumbini pale pale nilipozoea, na juu ya ngazi hapakuwa na wa kuniuliza wamesemaje.

Katika jambo moja tu walipatana: mama aje achague mwenyewe. "Tumwalike Ijumaa," kaka mkubwa akasema. Neno hilo sikulipenda, lakini nililipeleka.

Akaja. Gari lilisimama getini, akashuka kwa mkongojo, amenenepa kidogo, uso umepata jua. Kaka zangu walimbusu kichwa na mkono. Kaka mkubwa akaufungua mlango wa mbele wa majlisi ya wanaume kwa kuwa ndio ulio karibu na hauna kidato, na mama, aliyeishi nyumba ile miaka yote bila ya kukaa humo, akaingia akakaa kwenye mto wa juu. Dada na mawifi wakajifunga shela zao wakaingia nyuma yake. Watoto wakaingia. Sote tukaenea vizuri, hata baada ya kile kipande kukatwa, na hakuna aliyekufa.

Wakamletea sinia ya matunda. Wakamletea tende, na halua. Kaka mkubwa akakaa kitako mbele yake, akasubiri kidogo, kisha akamuuliza ulumu, habari za njiani, kwa ule utaratibu wa Kiomani anaoulizwa mtu aliyetoka safari.

"Khabari, mama? Ulumu?"

Mama akamtazama. Kisha akamjibu sawasawa, kama anavyojibu msafiri. "Hakuna ulumu. Khabari za kheri tu."

Nikaanza kumimina. Finjani ya mwanzo ilikuwa yake. Alikunywa polepole huku kaka akieleza kwamba wote wamekubaliana kumwachia yeye, achague huku au kule, popote atakapopataka ndipo pake, samadari itafuatwa kesho hiyo hiyo. Alieleza vizuri. Sauti ilimkatika mwishoni, na namjua kaka yangu, hakuwa akiigiza.

"Shuka, mama," akasema. "Tulichelewa kukwambia."

Aliyangoja maneno hayo tangu kabla ya Ramadhani. Mama akampapasa mkono, kama anavyopapaswa mtoto mwenye homa.

"Mimi nimeshashuka, baba," akasema. Akachukua tende moja, akaila, akaiweka kokwa ukingoni mwa sahani. "Siku ile nilikuulizeni wageni wenu majina yao nani, mkaniambia utaratibu. Basi msione haya. Mlimtunzia mgeni mahala pazuri, pana baridi nzuri. Na kaja."

Kaka mdogo akainamia zulia. Dada alikuwa mlangoni na chetezo, makaa ameshayapulizia, udi umeanza kutoa moshi. Na kwetu chetezo kikishazunguka, mgeni hutafuta viatu vyake. Sidhani alikuwa amefikiri. Alikuwa akifanya kama anavyofanya siku zote watu wakija.

"Mama, si unarudi?" akauliza, na moshi unamwingia machoni. "Mama?"

Niliinama na dele nimtilie tena. Nikasubiri anishikize finjani aniambie peleka huko. Mama akaitikisa, kidogo tu, kisha akanirudishia kwa mkono wa kulia.